Vijiko, uma na visu vya fedha halisi: vitumike kila siku au vifungiwe kabatini?

#1 – Mwanzilishi wa uzi

Wakuu, ninafungua uzi huu kwa ajili ya kila aliyerithi, aliyezawadiwa au aliyejinunulia vijiko, uma na visu vya fedha halisi, kisha akavifungia kwenye sanduku akisubiri mgeni wa heshima ambaye hafiki. Hoja yangu ni moja: vyombo hivi hubaki katika hali nzuri zaidi vikitumiwa kila siku kuliko vikihifadhiwa, na kazi ya kuvitunza ni ndogo kuliko tunavyoogopeshwa.

Fedha isiyochanganywa na kitu ni laini mno kwa kazi ya mezani. Meno ya uma yangepinda kwa kukandamizwa kidogo tu. Ndiyo maana mafundi huichanganya na metali nyingine. Katika kiwango kinachoitwa sterling, kila sehemu 1,000 zina sehemu 925 za fedha, na 75 zinazobaki kwa kawaida ni shaba. Kiwango hicho kiliwekwa kisheria nchini Uingereza mwaka 1300, enzi za Mfalme Edward I, na hadi leo ndicho kinachofuatwa na watengenezaji wengi.

Weusi unaojitokeza juu ya fedha hausababishwi na maji matupu wala na hewa safi. Chanzo chake ni salfa, hasa ile iliyomo katika gesi ya hidrojeni salfaidi, ambayo hupatikana hewani kwa kiasi kidogo sana lakini kinachotosha. Salfa hiyo hushikana na fedha na kufanya utando mwembamba ambao kwanza huonekana wa manjano hafifu, kisha hudhurungi, kisha zambarau inayoelekea buluu, na mwisho mweusi kabisa. Mayai, vitunguu na haradali vina salfa, na vivyo hivyo sufu, mpira na baadhi ya karatasi. Kwa hiyo kijiko kilichofungwa kwa rababendi ndani ya kitambaa cha sufu kitasawijika upesi kuliko kijiko kilichoachwa wazi juu ya meza, na alama ya ile rababendi itabaki imejichora juu yake kama mstari mweusi.

Hapa ndipo matumizi ya kila siku yanapoonyesha faida yake. Unapokula, unapoosha na unapokausha kwa kitambaa, unauondoa utando huo ukiwa bado haujaonekana kwa macho. Uma unaotumika kila siku karibu hauhitaji dawa ya kung'arishia, ilhali uliolala sandukuni mwaka mzima hutoka na madoa yanayotaka kusuguliwa kwa bidii, na kila unaposugua kwa dawa unaondoa fedha kidogo pamoja na weusi.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mara baada ya kula, suuza vyombo kwa maji ya uvuguvugu, hata kama huna muda wa kuviosha wakati huo. Vioshe kwa sabuni laini ya maji isiyo na klorini, kwa sponji laini au kitambaa, kamwe si kwa sitili waya wala kwa upande mgumu wa sponji. Kisha vikaushe papo hapo kwa kitambaa cha pamba. Usiviache vikauke vyenyewe, kwa sababu tone la maji huacha duara la chumvichumvi na doa hilo halitoki bila kusuguliwa. Ukivirudisha kwenye droo, viweke nyuma au chini ya vile ambavyo havikutumika, ili kila kimoja kipate zamu na vyote vichakae kwa kiwango kimoja. Kanuni hii ya zamu naipa uzito kuliko dawa yoyote ya dukani.

Kuhusu mikwaruzo, ambayo huwatisha wengi: ni kweli kwamba seti mpya yenye mng'aro wa kioo itaonyesha mikwaruzo ya kwanza waziwazi, na utaumia moyo. Endelea kutumia. Mikwaruzo midogo ikishakuwa mingi hupishana na kuungana, na uso wote hupata mng'aro mmoja laini na wa kina ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuutoa kwa mashine. Watu wanaopenda fedha ya zamani hulipia zaidi kwa ajili ya uso wa namna hiyo.

Karibuni kwa maswali na kwa ubishi pia.

#2 – Mchangiaji wa pili

Mkuu, asante kwa uzi wenye manufaa. Kabla hatujafika mbali, naomba utusaidie jambo la msingi: mtu atajuaje kwamba alicho nacho ni fedha halisi na si chuma kilichopakwa fedha? Mimi nina seti ya zamani ambayo mgongoni mwa kila kijiko pana alama ndogondogo nisizozielewa, na mwingine aliniambia nijaribu kwa sumaku.

#3 – Mwanzilishi wa uzi

Ndugu, sumaku haitakusaidia sana. Ikinata, umejua kwamba ndani mna chuma. Isiponata, hujathibitisha lolote, kwa kuwa vyombo vingi vilivyopakwa fedha vimetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki ambao nao haushikwi na sumaku. Uangalie pia kisu peke yake, kwa sababu hata kwenye seti ya fedha halisi, bapa la kisu huwa ni la chuma na litanata.

Soma mihuri kwa lenzi ya kukuzia, chini ya mwanga unaotoka upande. Ukiona neno "Sterling" au tarakimu 925, umefika. Vyombo vya Uingereza husimulia habari nyingi zaidi: simba anayetembea akiwa ameinua mguu wa mbele ni alama ya kiwango cha sterling, na pembeni yake huwekwa alama ya mji ulikopimwa, ambayo ni kichwa cha chui kwa London, nanga kwa Birmingham, na taji kwa Sheffield hadi mwaka 1975 ilipobadilishwa kuwa waridi. Herufi moja peke yake ndani ya fremu mara nyingi huonyesha mwaka, na herufi mbili au tatu ni za mtengenezaji. Tarakimu 800 au 830 huonyesha fedha halisi ya kiwango cha chini kidogo, iliyotumika sana Ujerumani na nchi za Skandinavia, na matunzo yake ni yaleyale.

Tahadhari ni kwa alama mbili zinazowapotosha watu. "EPNS" maana yake ni kwamba chombo kimepakwa fedha kwa umeme, mbinu iliyopewa hataza kwa kampuni ya Elkington ya Birmingham mwaka 1840. Nayo tarakimu 90 au 100 kwenye vyombo vya Ulaya haitaji usafi wa fedha. Inataja gramu za fedha zilizotumika kuipaka seti. Ukiwa bado na shaka, chunguza mgongo wa kijiko mahali kinapogusa meza. Chombo kilichopakwa huchubuka hapo kwanza na kuonyesha rangi tofauti, ya manjano au ya kijivu, ilhali fedha halisi ni ileile hadi ndani.

#4 – Mchangiaji wa tatu

Nimesoma kwa makini, lakini sikubaliani na hoja kuu. Fedha ni metali laini. Nimewahi kushika vijiko vya karne ya 18 ambavyo ncha yake imelika upande mmoja hadi umbo limepinda, na uma ambazo meno yake yamebaki mafupi. Hayo ni matokeo ya kutumia kila siku. Je, si busara kuviweka ili vizazi vijavyo navyo vivikute vizima?

#5 – Mwanzilishi wa uzi

Pingamizi lako ni la haki, na ulichokiona ni cha kweli. Ncha hulika zaidi upande wa kushoto ukikitazama kijiko kutoka juu, kwa sababu watumiaji wengi hutumia mkono wa kulia na upande huo ndio unaokwangua sahani. Lakini tazama muda uliohitajika: ni vizazi kadhaa vya watu wakitumia vijiko vilevile vichache, pengine wakiwa hawana vingine. Seti ya watu 12 katika nyumba ya watu wanne, ikipokezana zamu, haitafika huko katika maisha ya mmiliki wake wala ya mtoto wake.

Kisha linganisha uchakavu huo na ule unaotokana na kung'arishwa. Chukua chombo chenye nakshi kilichokaa muda mrefu kabatini na kung'arishwa kwa ajili ya kila sherehe. Utakuta sehemu zilizoinuka, yaani kingo za majani, mishipa ya maua na herufi za majina, zimefifia na kuwa laini, wakati mgongo wa kijiko ni mzima kabisa. Hapo si chakula kilichokula fedha, ni kitambaa na dawa. Kwa maoni yangu, dawa kali imeharibu nakshi nyingi kuliko meno ya walaji wote.

Nakubaliana nawe katika jambo moja. Ikiwa kipande ni adimu, kina thamani ya kihistoria, au tayari ni chembamba kiasi kwamba unahisi kinapinda ukikibonyeza kwa kidole gumba, kiweke pembeni. Hicho kimeshamaliza zamu yake.

#6 – Mchangiaji wa nne

Mimi swali langu ni la kivivu. Je, mashine ya kuoshea vyombo hairuhusiwi kabisa? Nimeona watengenezaji wengine wanaandika kwamba inafaa.

#7 – Mwanzilishi wa uzi

Si swali la kivivu hata kidogo, ndilo linaloamua kama mtu atatumia vyombo hivi kila siku au atavirudisha sandukuni. Jibu langu linatenganisha visu na vingine vyote.

Vijiko na uma ni kipande kimoja cha fedha kutoka mwanzo hadi mwisho, na joto la mashine haliwezi kuvivunja. Kinachovidhuru ni kemikali. Sabuni za mashine ni kali kuliko za mkono; zenye klorini huacha madoa meusi, na unga wake ukidondokea kijiko kilicholowa kabla haujayeyuka huacha doa papo hapo. Jambo la pili ni ukaribu na vyombo vya chuma kisichoshika kutu. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya moto yenye sabuni na chumvi, mkondo mdogo wa umeme hupita kati yake, na mahali zilipogusana panabaki na doa na wakati mwingine kishimo. Kwa hiyo anayeamua kutumia mashine aweke fedha kwenye kikapu chake peke yake, atumie sabuni kidogo isiyo na klorini, azime sehemu ya kukausha kwa joto, na avitoe akavikaushe kwa kitambaa. Hata akifanya yote hayo, baada ya muda uso utapauka kidogo na weusi wa makusudi uliotiwa ndani ya nakshi utafifia. Mimi huosha kwa mkono, lakini sitamlaumu anayeona kwamba uma uliopauka na unaotumika ni bora kuliko uma unaong'aa usioonekana.

Visu ni habari nyingine, na hapa sina uvumilivu. Mpini wa kisu cha fedha kwa kawaida una uwazi ndani. Umetengenezwa kwa mabamba mawili membamba ya fedha yaliyounganishwa kwa kulehemu, na uwazi wake hujazwa utomvu mgumu au saruji inayoshikilia mkia wa bapa. Maji ya moto sana hulainisha utomvu huo na kuutanua, mshono hufunguka, maji huingia, na siku moja bapa linatoka mkononi mwa mlaji. Dalili huanza mapema: kisu hutoa mlio ukikitikisa karibu na sikio, bapa hucheza kidogo, au kitu cha rangi ya kahawia kinachonata huchungulia pale mpini unapokutana na chuma. Kisu hakitakiwi kuingia kwenye mashine, hakitakiwi kulowekwa kwenye beseni, na hakitakiwi kuachwa kimesimama ndani ya kikombe cha maji. Kipitishe chini ya maji ya uvuguvugu, kioshe, kikaushe, basi. Visu vya kabla ya chuma kisichoshika kutu kuvumbuliwa huko Sheffield mwaka 1913 huwa na bapa la chuma cha kawaida, ambalo huota kutu hata kwa kuachwa na unyevu usiku mmoja.

#8 – Mchangiaji wa tano

Kuna njia moja inasifiwa sana mtandaoni: karatasi ya alumini, maji ya moto na magadi soda. Nimeijaribu kwenye vijiko viwili na weusi ulitoka wenyewe bila kusugua. Kwa nini hukuitaja?

#9 – Mwanzilishi wa uzi

Sikuitaja kwa sababu inahitaji maelezo yake. Njia hiyo ni ya kweli, wala si uganga. Alumini hupenda salfa kuliko fedha inavyoipenda. Zikigusana ndani ya maji ya moto yenye magadi, salfa huuacha ule utando mweusi na fedha iliyokuwa imeshikana nayo hurudi kuwa metali. Ile harufu ya yai viza uliyoisikia ndiyo salfa ikiondoka kwa njia ya gesi, kwa hiyo fungua dirisha. Magadi yanayotakiwa ni yale ya kuokea. Usichukue soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo huchemka kwa nguvu ikikutana na alumini na inaweza kukuunguza.

Uzuri wake ni kwamba hakuna fedha inayosuguliwa ikaondoka. Ubaya wake upo katika mambo matatu. Fedha inayorudi haikai kwa ulaini wa awali, kwa hiyo uso hubaki umepauka na husawijika tena upesi kidogo, jambo linalotaka upitishe kitambaa mwishoni. Pili, njia hii haichagui: inaondoa na ule weusi uliotiwa na fundi ndani ya nakshi ili maua yaonekane, na chombo hubaki bapa kama picha isiyo na kivuli. Tatu, inahitaji maji ya moto, na kwa hiyo visu vyenye mpini wa uwazi havimo.

Kwa weusi mzito kwenye vijiko visivyo na nakshi ya kina, itumie kwa amani. Kwa weusi mwepesi, chaki laini ya unga iliyochanganywa na maji hadi iwe uji mzito inatosha. Paka kwa pamba, sugua kwa mistari iliyonyooka kufuata urefu wa kijiko, usizungushe, kisha suuza vizuri hasa katikati ya meno ya uma, ambako unga mweupe hupenda kujificha. Dawa ya meno iache kwa meno. Nyingi zina chembe ngumu za silika, na fedha ina ugumu wa 2.5 hadi 3 tu katika kipimo cha Mohs, hivyo inakwaruzika kirahisi. Zile dawa za kuchovya zenye asidi nazo sizipendi. Hung'oa weusi kwa sekunde chache lakini hula uso, na zikigusa bapa la kisu huliachia vishimo.

Ukikuta baka la zambarau lililokolea ambalo halitoki kwa njia yoyote, acha kusugua. Mara nyingi hilo ni doa la moto lililotokana na shaba ndani ya mchanganyiko kupata hewa wakati chombo kinatengenezwa. Lipo ndani ya metali, na kulifuata ni kuondoa fedha bure.

#10 – Mchangiaji wa pili

Mkuu, alama zimeonekana: simba na nanga, pamoja na herufi. Nimefurahi sana. Sasa kuna vyakula vinavyokatazwa? Na kuna madhara yoyote kiafya nikila kwa kijiko kilichoanza kuwa cheusi?

#11 – Mwanzilishi wa uzi

Hongera, hiyo ni ya Birmingham. Ule utando mweusi karibu hauyeyuki kwenye maji, na kiasi kinachoweza kuingia mdomoni ni kidogo mno kukudhuru. Suala ni ladha na sura tu. Kinachopaswa kuoshwa vizuri ni mabaki ya dawa ya kung'arishia.

Adui mkubwa wa mezani ni chumvi, kuliko hata yai. Yai hutia doa la hudhurungi linalotoka kwa kusuguliwa, ilhali chumvi iliyoachwa juu ya fedha pamoja na unyevu huichimba na kuacha vishimo ambavyo sonara pekee ndiye anayeweza kuvishughulikia, tena kwa kupunguza metali. Ndiyo sababu vibakuli vya chumvi vya fedha vya zamani vilipakwa dhahabu ndani au viliwekewa kikombe cha kioo. Siki na ndimu hazina neno wakati wa kula, ila usiache uma ndani ya kachumbari hadi kesho yake. Zingatia pia kwamba hakuna metali inayopitisha joto kuliko fedha: kijiko kilichoachwa ndani ya chai ya moto huwa cha moto hadi mwisho wa mpini, na mtoto akikishika atapiga kelele.

Vile usivyovitumia kwa sasa viweke kwenye mifuko ya kitambaa maalumu kilichotiwa chembe za fedha, ambazo hunasa salfa kabla haijafika kwenye kijiko. Ukikosa, tumia kitambaa cha pamba kilichofuliwa vizuri, kisha mfuko wa polithini unaofungika, pamoja na kipakiti cha silika cha kunyonya unyevu. Magazeti, sufu na nailoni ya kufungia chakula iliyogandishwa moja kwa moja juu ya fedha viwe mbali.

#12 – Mchangiaji wa tatu

Nimelainika kidogo, ingawa vile vya karne ya 18 sitavitoa. Uma wangu mmoja wa kawaida una jino lililopinda. Niunyooshe mwenyewe?

#13 – Mwanzilishi wa uzi

Kama limepinda kidogo na halina mkunjo mkali, unaweza. Weka kipande cha mbao laini nyuma ya jino, funika kwa kitambaa, na urudishe polepole kwa kidole gumba kwa mkandamizo mmoja usio na haraka. Usitumie koleo, kwa sababu meno yake yatachapa alama kwenye fedha. Likiwa limekunjika kwa pembe, au likiwa limeshawahi kunyooshwa mahali palepale, mpelekee sonara anayefanya kazi ya vyombo, kwani fedha iliyokunjwa mara nyingi huwa ngumu na hukatika ghafla isipopashwa moto kwanza. Mwambie mapema kwamba hutaki aung'arishe wote kwa mashine. Anyooshe jino hilo, asafishe mahali alipopagusa, na akurudishie uma wako na uso wake wa zamani.